Mahali Alipowekwa Januari

Kazi yangu ilikuwa kupima watu. Aliyetaka kupanda ndege kwenye kiwanja chetu alisimama kwanza kwenye mizani yangu, mizani ya kupimia pamba, akiwa na mzigo wake mkononi, nami nikamtajia rubani kilo zake kwa sauti. Kina mama wanene wa mjini walinichukia kwa hilo. Mmoja alinitukana mbele ya padri, akasema mizani yangu ina wivu. Nikamwambia ashushe kwanza sufuria aliyoifunga kiunoni chini ya kanga, halafu tuzungumze habari za wivu.

Siku hizi watu wakijua kwamba nilifanya kazi pale, hawaniulizi habari za mizani. Huniuliza habari za Mzee Ansgar Jilala, na wengi huuliza wakiwa wamekwisha kumhukumu. Mimi nilikaa naye kibanda kimoja miaka mingi. Nikitaka kumkasirikia ninayo haki, na namkasirikia mpaka leo. Lakini sipendi akasirikiwe na watu wasiomjua.

Kiwanja chenyewe kilikuwa cha udongo, Shinyanga, kwenye njia ya Kahama, wala si kile kikubwa cha Ibadakuli. Tulikuwa na kibanda cha bati, mapipa ya mafuta, mfuko wa upepo uliochanika, na ng'ombe wa watu ambao hawakuamini kamwe kwamba njia ya ndege si malisho. Ndege zilizotua zilikuwa chache. Kulikuwa na ndege ya dawa iliyozungusha wauguzi na chanjo vijijini hadi upande wa Geita, kulikuwa na ndege ya misheni, na mtama ukianza kukomaa zilikuja ndege za kupulizia dawa kwelea kwelea, wale ndege walao nafaka. Siku nyingi hazikukutana. Zilipokutana, aliyezitenganisha alikuwa Ansgar.

Alizaliwa Ushirombo, akasomeshwa na mapadri, akajifunza simu ya upepo akiwa kijana. Miaka ya sitini akapelekwa kwetu na mke wake Salvina na mtoto wa kike mchanga, Justa. Salvina hakukaa sana, homa ilimchukua. Ndugu walimwambia Ansgar ampeleke mtoto kwa bibi yake kijijini, akakataa. Alimlea mwenyewe. Nilimkuta asubuhi moja nje ya nyumba yake amemketisha Justa kati ya magoti anamsuka nywele, mwanamume mzima, na mistari imepinda kama njia ya mlevi. Nikataka kumsaidia. Akaniambia nipime watu wangu, nywele za mwanawe nimwachie. Alikuwa hivyo, kitu chake hakishikwi na mtu.

Nieleze sasa kazi yake. Viwanja vikubwa huko duniani vilikuwa na mitambo ya kuona ndege hata ndani ya mawingu. Sisi tulikuwa na masikio ya Ansgar na meza yake. Ilikuwa meza ya mbao pana aliyoichora nchi yetu yote kwa rangi ya mafuta: Shinyanga, Kahama, Bukombe, Geita, mito, vilima, njia kuu. Juu yake alikuwa na komwe za bao alizozipaka rangi, na kila ndege ilikuwa na komwe yake. Rubani akisema kwa redio yuko mahali fulani, kwa kimo fulani, Ansgar anasogeza komwe. Akisema mwingine, anasogeza ya pili. Halafu anamwambia kila mmoja mwenzake yuko wapi. Rubani aliye angani haoni nyuma, haoni chini ya tumbo la ndege yake, na kwenye mvua haoni kitu kabisa. Alichokijua kuhusu mwenzake ni kile tu ambacho Ansgar alimwambia.

Ndipo akaja Januari. Ilikuwa baada ya vita vya Kagera, wakati vijana wetu wenyewe walipoanza kukalia viti vya marubani. Alipewa ile ndege ya dawa. Alikuwa mtu wa Bukombe, mwembamba, mcheshi, na mbishi wa kuzaliwa. Alikuwa akitua, anakuja moja kwa moja kibandani na kofia mkononi, anaitazama meza, halafu anaanza. Mzee, hapa umeniweka nyuma. Mzee, huyu wa misheni yuko kulia kwangu, wewe umemweka kushoto. Ansgar naye alikuwa anapandisha sauti, kwamba yeye ameanza kazi hii Januari akiwa bado anachunga mbuzi. Walibishana mpaka chai ikapoa. Mwishoni mmoja alikuwa anakubali, komwe inasogezwa, na wote wawili wanacheka. Mimi niliona ni kelele tu. Sasa najua kwamba kelele zile ndizo zilizokuwa zikitulinda.

Rubani wa misheni, Bruda Otmar, Mzungu aliyekaa Usukuma mpaka akawa anakohoa Kisukuma, alileta siku moja gazeti la mambo ya ndege. Ndani kulikuwa na picha ya kioo kidogo kama televisheni, kimewekwa mbele ya rubani, na kwenye kioo kuna alama zinazoonyesha ndege nyingine zilizo karibu. Bruda alitueleza kwamba Marekani wanakijaribu, bado hakijaenea. Januari aliishika picha ile kwa mikono miwili.

"Mzee, hii ni meza yako," akamwambia Ansgar. "Wameiingiza ndani ya ndege. Kila mmoja anamwona mwenzake kwa macho yake, bila kuuliza mtu."

Ansgar akasema kioo hakina akili, na kwamba mafahali wawili hawakai zizi moja: lazima awepo mmoja anayejua, wengine wasikilize. Januari akacheka. Wiki iliyofuata akachonga ubao mdogo, akachora juu yake nchi ile ile ya mezani, akawa anaufunga gotini akiruka. Kila aliposikia redioni mwenzake akitaja mahali alipo, alitia alama ya chaki kwenye ubao. Kwa hiyo kwa miaka kama miwili kulikuwa na meza mbili, moja chini kibandani na moja juu gotini kwa Januari, na zilipotofautiana yeye alisema hapo hapo. Bruda Otmar alimsifu sana. Ansgar alinung'unika, lakini nilimwona akiuchungulia ubao ule Januari alipokwenda kujaza mafuta, na komwe zake akazirekebisha kimyakimya.

Justa wakati huo alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Alikuwa akimletea baba yake chakula cha mchana kibandani, na chakula kile kilianza kuwa cha watu wawili kabla sisi hatujang'amua lolote. Posa ilipoletwa kutoka Bukombe, Ansgar alijifanya kufikiri sana. Mtu mzima anapofurahi hawezi kuficha. Alipiga simu ya upepo Tabora kuuliza hali ya hewa na jua likiwa kali hivyo. Walifunga ndoa kanisani, ngoma ikapigwa, mimi nikacheza mpaka kiatu kikakatika.

Jumatatu baada ya harusi Januari alitua, akaja mpaka mlangoni mwa kibanda, akasimama nje. Hakuingia. Akavua kofia, akaniita.

"Mama Apolonia, tafadhali mwambie Baba kwamba nimefika salama."

Baba mwenyewe alikuwa nyuma yangu, mkono wangu ungemfikia. Nilicheka mpaka nikakaa chini, nikidhani ni mzaha. Haukuwa mzaha. Kwa desturi ya kwao, baba mkwe haitwi jina, hatazamwi usoni, hakatizwi maneno, na juu ya yote hapingwi mbele za watu. Akikosea, mkwe hunyamaza, na baadaye humtuma mtu wa tatu kuligusia jambo kwa upole. Januari aliyekuwa akibishana mpaka chai ipoe akawa mtu wa kuinamisha kichwa. Ubao wa gotini aliuvua, akaniomba nimkabidhi Baba, kwa sababu haifai mkwe kupima maneno ya mkwewe kwa ubao.

Redioni ndiko kulikokuwa kugumu zaidi, maana redioni kila mtu anasikia. Ansgar akimweka mahali pasipo sahihi, Januari hakusema. Alikuwa anamwita Bruda Otmar, anamwambia kwa Kisukuma yuko wapi hasa, na Bruda ndiye anayemwambia Ansgar. Bruda aliifanya kazi hiyo ya ushenga huku akicheka, lakini hakuipenda. Alikuja kibandani akamwambia Ansgar kwamba angani si sebuleni.

Dawa ya jambo lile ilikuwepo, na desturi yenyewe ndiyo iliyoiweka. Baba mkwe akitaka mkwe wake awe huru kuzungumza naye, humchinjia kondoo, wakala pamoja sahani moja, na tangu siku hiyo kinywa cha mkwe kimefunguliwa. Anaweza kubishana, kutania, hata kukataa. Wazee wengi huko kwao walifanya hivyo mapema, wapate mtu wa kuzungumza naye. Nilimwuliza Ansgar anangoja nini. Akasema ni Kwaresima. Kwaresima ikapita, akasema kondoo wamekonda. Kondoo wakanenepa, akasema angoje mjukuu azaliwe, shughuli ziwe moja. Mjukuu akazaliwa, wa kiume, akasema mtoto akianza kutembea.

Nilimfahamu. Heshima ile ilikuwa imemkolea. Maisha yake yote alikuwa fundi wa simu tu, mtu wa kibanda cha bati, na sasa rubani, mtu wa kuvaa kofia yenye alama, alikuwa anainama mbele yake uwanjani watu wote wakiona. Hata redioni alibadilika. Wengine aliwauliza wako wapi. Kwa Januari hakuuliza tena, alimwambia tu alipo. "Najua uko Kahama." "Najua unakaribia mto." Alijivunia kwamba amemjua mkwe wake mwendo na tabia kiasi cha kutohitaji kumwuliza, na kweli mara nyingi alipatia.

Siku yenyewe ilikuwa ya Aprili, mtama unakaribia kukomaa, mvua imegoma kuisha. Mawingu yalishuka chini sana, ikabaki nafasi nyembamba tu kati ya mawingu na vilima, na yeyote aliyetaka kuruka ilimlazimu kupita humo humo. Bruda Otmar alikuwa likizo kwao Ulaya. Januari alikuwa amepeleka chanjo upande wa Geita na alikuwa anarudi peke yake. Mpango ulikuwa atue Kahama kuchukua mgonjwa, ndipo aje kwetu. Na uwanjani petu kulikuwa na rubani mpya wa ndege ya kwelea kwelea, mgeni kutoka nje, aliyefika juzi yake. Kiswahili chake kiliishia kwenye salamu ya jambo.

Januari alipofika juu ya Kahama alikuta kiwanja kimejaa maji, akapita bila kutua. Alitoa taarifa hiyo redioni. Tulijua baadaye, kwa sababu waliokuwa Tabora waliisikia. Kwetu radi zilikuwa zinakwaruza redio, haikusikika. Kwenye meza ya Ansgar komwe nyekundu ya Januari ilibaki palepale Kahama, kwa kuwa siku zote Januari akifika Kahama hutua, huchukua muda wake, hunywa na chai.

Mgeni aliuliza kwa Kiingereza kama njia ya kwenda upande wa Kahama ni wazi, awahi kupulizia kwelea kwelea kabla ya jua kuzama. Ansgar akaitazama meza, akamjibu kwamba mwenzake bado yuko mbali, Kahama, aende. Yule akaiwasha ndege, mngurumo wake ukajaa kibanda chote. Wakati huo huo Januari akaita. Hakuwa mbali. Alikuwa amekwisha kukaribia, angeweza kuanza kututafuta kwa macho. Alitaja jina la kituo chetu tu, na kabla hajaendelea Ansgar akamchukua maneno.

"Najua uko Kahama. Kaa huko huko, mgeni anakuja upande wako. Usisogee mpaka nikuite."

Kulikuwa na kimya. Mimi nilikuwa nafunga gunia, nikainua kichwa kwa ajili ya kimya kile, kwa sababu Januari hakuwa mtu wa kuchelewa kujibu. Halafu sauti yake ikaja, ya upole, ile ya mlangoni.

"Nimesikia, Baba."

Mgeni akaruka. Hatukusikia kitu kingine. Mvua ilipiga bati, Ansgar akaketi mbele ya meza amekunja mikono. Mwanamke aliyekuwa akivuna mpunga bondeni ndiye aliyekuja akikimbia, kanga imemwanguka mabegani, akatuambia ndege mbili zimegongana.

Mgeni aliangukia kwenye majaruba ya mpunga, akavunjika miguu, akapona. Januari hakupona. Alikuwa amefika karibu nasi hivi kwamba kibanda chetu kilionekana kutoka pale alipoangukia. Sitasema zaidi ya hapo juu ya nilichokiona, mama yake yu hai.

Wachunguzi walikuja, wakapima, wakauliza, wakaondoka. Mgeni aliwaambia kutoka kitandani kwamba ile ndege nyingine ilitokea ghafla ndani ya mvua, imelala ubavu, inageuka kurudi Kahama. Hakuna aliyeelewa kwa nini mtu aliyekaribia nyumbani ageuze arudi alikotoka. Walimwuliza Ansgar, akasema redio ilikuwa mbaya. Hilo lilikuwa kweli. Wakaandika kwamba rubani aligeuza bila kutoa taarifa, kosa ni lake.

Lakini sisi wawili tulielewa. Nilimkuta Ansgar jioni ile amesimama mezani, kidole chake kiko pale Januari alipoangukia, macho yako Kahama. Mkwe hawezi kumwambia baba mkwe wake, redioni, dunia nzima ikisikia, kwamba amekosea. Bruda hayupo wa kutumwa. Mgeni hajui Kisukuma wala kazi ya ushenga. Kwa hiyo Januari alifanya alichoweza: aligeuza ndege ili aende awe mahali Baba alipomweka, neno la Baba lisiwe uongo. Alidhani ana muda. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hawakutuambia anayelisikia hata lisipokuwa kweli huvunjika nini.

Ansgar hakusema kwa mtu. Nami nilimwachia, nikijua ni la kwake kulisema. Tatizo ni kwamba mji hauwezi kukaa na swali. Kama hakuna aliyejua kwa nini Januari aligeuza kurudi Kahama, basi watu walijua wenyewe. Ikasemwa kuna mwanamke Nyasubi, pale Kahama. Kesho yake mwanamke yule akapewa nyumba, keshokutwa akapewa mtoto. Ikasemwa Januari alikuwa ametoka kwake, kuna kitu alikisahau, ndiyo maana akageuza. Justa aliyasikia hayo msibani kwake mwenyewe, kutoka kwa wanawake waliokuwa wakichambua mchele nyuma ya nyumba.

Tangu saa ile hakulia tena. Wembe ulipoletwa wanyolewe wafiwa, alikataa. Akasema anyolewe huyo wa Nyasubi. Mama yake Januari, Mama Febronia, aliyekuja kutoka Bukombe, alipiga magoti mbele yake akimsihi asimzike mwanawe kwa aibu. Justa alimpita. Alikuwa akimtazama mtoto wake kama anatafuta kwenye uso wake uongo wa baba yake. Ilinichoma sana. Mwanamke anaweza kufiwa na mume akaishi, lakini Justa alikuwa anafiwa na mume hata katika yale yaliyopita, siku moja baada ya nyingine anaifuta.

Nilimwendea Ansgar nikamwambia. Akasema akimwambia ukweli atampoteza mwanawe, na hana mwingine. Nikamwambia asipomwambia, Justa atakuwa hana mume wala kumbukumbu ya mume. Akaniuliza kama mimi ningesema. Sijui mpaka leo kama ningesema.

Siku ya kuondoa matanga watu wa Bukombe walikaa upande mmoja wa uwanja, sisi upande mwingine. Kwa desturi aliye na neno kuhusu marehemu hulisema siku hiyo, ama alinyamazie milele. Ansgar alisimama. Alikuwa amevaa koti lake la kanisani, na kwa mara ya kwanza niliona limekuwa kubwa kwake.

"Hakuna mwanamke Nyasubi," alisema. "Januari alikuwa amekwisha kufika hapa. Mimi sikumwuliza yuko wapi. Nilimwambia yuko Kahama, nikamwamuru akae Kahama. Alijua nimekosea. Aligeuza aende huko kwa sababu mimi ni mkwe wake, na sikuwahi kumfungua kinywa. Aliyemwua ni mimi."

Mama Febronia akajifunika uso. Justa alisimama polepole, akamwendea baba yake, nikadhani atampiga, nikadhani atamkumbatia. Akasimama mbele yake tu.

"Kondoo mmoja, Baba," alisema. "Ni kondoo mmoja tu uliyeshindwa kumchinja."

Kisha akageuka, akaketi chini mbele ya Mama Febronia, akafungua kitambaa kichwani, akaomba anyolewe. Hapo ndipo alipolia. Alilia kilio cha mke, kile alichokizuia siku zote zile, akimwita mumewe kwa jina, akimwomba msamaha, mpaka wanawake wa Bukombe wakaja kumshikilia. Alikuwa amerudishiwa Januari wake. Ansgar aliendelea kusimama pale pale peke yake, hakuna aliyemwambia aketi.

Justa alichukua mtoto akaenda kuishi na mama mkwe wake. Ansgar aliacha kazi kabla hajaachishwa. Kibandani wakaleta kijana mwingine na redio mpya. Bruda Otmar aliporudi alimtembelea Ansgar nyumbani, na alipotoka nje niliona amelia. Nilimwuliza kama kile kioo cha kwenye gazeti kingekuwepo ndani ya ndege zile mbili ingekuwaje. Akasema Januari angemwona mgeni, mgeni angemwona Januari, na kosa la Ansgar lingekuwa kosa dogo la mezani, la kuchekwa wakati wa chai. Nilitamani nisingeuliza.

Miaka ilipita. Ansgar alizeeka upesi, miguu ikavimba, macho yakaingia ukungu. Nilimwandikia Justa kwamba baba yake anaumwa na hana mtu. Sikutegemea jibu. Alikuja mwenyewe kwa basi, na mtoto ambaye sasa alikuwa mkubwa, akaweka mizigo ndani, akafunga kanga kiunoni, akapiga magoti mlangoni akamwamkia baba yake shikamoo. Ansgar alinyoosha mkono, akakipapasa kichwa chake.

Alimuuguza vizuri kuliko muuguzi. Alimwogesha, alimpikia uji, alimsomea Injili. Hakumkumbusha jambo lile hata mara moja. Majirani walisema tazama, Mungu mkubwa, damu imeshinda. Mimi nilikuwa nikifika kila siku, na nilichelewa kuona. Kila alichosema Ansgar, Justa alikubali. Akisema uji umezidi chumvi, kumbe hauna chumvi, Justa aliomba radhi akaenda kupika mwingine. Akisema mvua itanyesha, na anga ni jeupe, alianua nguo.

Ansgar aliona kabla yangu. Akaanza kumjaribu. Siku moja, Jumanne, niko pale nachambua mboga, akasema kwa sauti kwamba leo ni Jumapili, mbona hajavalishwa aende misa. Alikuwa na akili zake zote. Alisema hivyo akimtazama mwanawe usoni kwa namna ya mtu anayeomba maji. Justa akajibu vyema Baba, akaingia ndani, akaleta koti la kanisani, akamvalisha shati, akamfunga vifungo kimoja kimoja, akampa rozari yake, akamketisha barazani kungoja misa. Mzee alikaa pale amevaa, watu wakipita kwenda mashambani, machozi yakimtoka, mpaka jioni.

Nilimfuata Justa jikoni. Nilikuwa na hasira, nikamwambia baba yake hataki uji wala dawa, anachotaka ni mwanawe ampinge hata mara moja kabla hajafa.

"Najua, Mama Apolonia," alisema, akikoroga uji bila kuinua macho. "Lakini nikianza kumpinga nitaanzia siku ile, na sitaweza kunyamaza tena. Mwache nimtii."

Niliondoka na mboga zangu. Ansgar alifariki kabla ya mtama kuvunwa, Justa amemshika mkono, na hakuwahi kumwambia hapana.